Anayesomea usanifu majengo ughaibuni aende na maswali ya kwetu

Kila mwaka vijana kutoka Tanzania, Kenya na Uganda hufunga safari kwenda kusomea usanifu majengo katika vyuo vya Ulaya, Asia na Amerika. Wengine huenda kwa ufadhili, wengine kwa jasho la wazazi walioamua kuuza kiwanja ili mtoto asome. Siku ya kuwasindikiza uwanja wa ndege tunawapa nasaha nyingi: vaa nguo nzito, usiache sala, shika masomo, ukifika piga simu. Nasaha hizo ni njema. Lakini ni wachache sana wanaoondoka wakiwa wamekabidhiwa kazi mahususi ya kutufanyia huko waendako, na hapo ndipo tunapopoteza mali. Kijana anayetumwa kusomea majengo bila swali la kwetu mkononi hutumia miaka yake bora kujibu maswali ya watu wengine, kisha majibu hayo ndiyo anayorudi kutujengea.

Nayasema haya nikiwa nimesomea fani hii Delft, mji mdogo wa Uholanzi ulio kati ya Rotterdam na The Hague. Hadi leo wazazi hunipigia simu kuuliza kama mtoto wao aombe nafasi huko. Ada pekee kwa mwanafunzi wa uzamili asiyetoka nchi za Umoja wa Ulaya inazidi euro 20,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 50 za Tanzania, kabla ya chakula na kodi ya chumba. Anayelipa kiasi hicho ana haki ya kujua mwanafunzi anaamka kufanya nini, na analala akiwa amejifunza nini.

Tuanze na asubuhi. Mwezi Desemba jua la Delft huchomoza karibu saa tatu kasorobo, na ikifika saa kumi na nusu alasiri limeshazama. Vipindi vya kwanza navyo huanza saa tatu kasorobo, kwa hiyo mwanafunzi hutoka chumbani kungali giza. Hupanda baiskeli kama wenyeji na kufuata kingo za mifereji huku upepo wa Bahari ya Kaskazini ukimpiga ubavuni. Mgongoni ana kompyuta, na kwenye kapu la baiskeli ana modeli ya kadibodi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, maana manyunyu ya huko hayana msimu. Modeli ikilowa, kazi ya usiku kucha imekwenda na maji.

Jengo analoingia ni somo la kwanza la siku. Tarehe 13 Mei 2008 mnara wa kitivo cha usanifu majengo cha chuo cha Delft, uliobuniwa na Van den Broek na Bakema, uliteketea. Moto ulianzia kwenye mashine ya kahawa iliyopata hitilafu ya umeme baada ya maji kuvuja. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini jengo halikufaa tena. Masomo yaliendelea kwenye mahema, na ndani ya mwaka huohuo kitivo kikahamia jengo kuukuu la matofali lililowahi kuwa jengo kuu la chuo. Wasanifu walioitwa kulitengeneza hawakulivunja. Walilikagua waone lililopo linaweza nini, kisha wakaziezeka kwa vioo nyua zake mbili: moja ikawa karakana ya modeli, nyingine ikawa ukumbi wenye ngazi pana za rangi ya machungwa ambazo watu hukalia kusikiliza mihadhara. Mwanafunzi anayepita humo kila siku hufundishwa, bila mtu kumhutubia, kwamba jengo la zamani ni rasilimali. Somo hilo lina maana kubwa kwa anayetoka Dar es Salaam au Mombasa, ambako nyumba yenye miaka 80 huonwa kama kizuizi cha ghorofa jipya.

Kutoka hapo anakwenda studio, na studio ndiyo moyo wa masomo yenyewe. Ni chumba cha meza ndefu zilizojaa vipande vya kadibodi, visu, gundi, karatasi angavu na vikombe vya kahawa. Mezani pake kuna Mchina, Mgiriki, Mhindi na Mholanzi, kila mmoja na mradi wake. Mwalimu hapandi jukwaani. Huvuta kiti, hutandika karatasi angavu juu ya mchoro wako, huchukua penseli na kuuliza. Jua linaingia wapi? Maji ya mvua yanakwenda wapi? Huu mlango anaufungua nani, na anapoufungua anaona nini? Mzee asiyeweza kupanda ngazi atafikaje hapa juu? Ukijibu kwamba umefanya hivyo kwa sababu inapendeza, ataligeuza swali mpaka upate sababu au ufute mstari. Hiyo ndiyo elimu inayolipiwa. Picha za majengo mazuri mtu anaweza kuziona bure kwenye simu yake akiwa Kinondoni.

Tatizo ni kwamba maswali hayo huulizwa kuhusu mahali fulani, na mahali hapo kwa kawaida ni palepale chuo kilipo. Delft iko nyuzi 52 kaskazini ya ikweta. Adhuhuri ya mwezi Desemba jua huinuka nyuzi 14 hivi tu, tena daima upande wa kusini. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kulitafuta: madirisha mapana yatazame kusini, mwanga ufike hadi ukuta wa ndani, na joto likishaingia lisitoke. Kuta hupewa tabaka nene la kuzuia baridi, na kila upenyo huzibwa. Nyumba mpya za Uholanzi zilizoombewa kibali tangu Julai 2018 kwa kawaida haziunganishwi tena na gesi, na hilo limewafanya wasanifu wa huko kuhesabu joto kwa uangalifu zaidi.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini ya ikweta. Jua letu mwezi Juni hupita upande wa kaskazini, Desemba hupita kusini, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika Oktoba, husimama utosini. Bati ndilo linalopokea kipigo kikubwa, likifuatiwa na kuta za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Jengo la kwetu linahitaji pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, upenu mpana, matundu ya kupitisha upepo wa bahari, na nafasi kati ya dari na bati ili hewa ya moto ipate njia ya kutokea. Karibu kila kanuni aliyoshikishwa Delft inabidi igeuzwe.

Wala hilo si kosa la chuo. Waholanzi wana wajibu wa kufundisha kwa ajili ya Uholanzi. Wajibu wa kugeuza kanuni ni wetu, na anayeweza kuutimiza ni yule aliyeishika sababu kabla ya kuushika mchoro. Aliyebeba mchoro peke yake atarudi na ukuta wa kioo, atauelekeza magharibi, na mpangaji atalipa bili ya kiyoyozi hadi jengo lichakae. Majengo ya namna hiyo tunayo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Yatazame saa tisa alasiri uone mapazia yalivyoshushwa nyuma ya vioo vilivyogharimu fedha nyingi ili mwanga uingie.

Mchana mwanafunzi hula mkate na jibini kama wenzake, kisha hushuka karakana ya modeli. Kule kuna misumeno, mashine za kukata kwa leza na mafundi wanaoheshimiwa kama walimu. Fundi akikuambia kiungo chako hakitasimama, profesa hawezi kukuokoa. Mkono ukishika mbao, akili huelewa uzito, na mchoro uliokuwa rahisi kwenye kompyuta huanza kudai nguzo. Kwetu fundi mwashi na fundi seremala ndio wanaojenga nyumba nyingi za nchi hii, ilhali msomi wetu anaweza kumaliza shahada bila kufanya nao kazi hata msimu mmoja. Heshima ile ya karakana ni jambo la kuiga.

Alasiri inafika saa ambayo kila mwanafunzi wa usanifu anaiogopa: kutetea kazi mbele ya jopo. Michoro hubandikwa ukutani, modeli huwekwa mezani, na walimu pamoja na wasanifu walioalikwa hukaa mbele yako. Nakumbuka mwenzetu mmoja kutoka Zanzibar aliyeleta mkato wa nyumba ya Mji Mkongwe kwa uwiano wa 1:20. Jopo lilimuuliza kwa nini vyumba vile ni virefu na vyembamba, kama vijia. Akawaeleza kwamba sakafu za nyumba hizo hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo kwa kawaida hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Upana wa chumba umeamuliwa na mti. Akaendelea na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vichochoro vinavyotiliana kivuli, na baraza ya nje ambapo mgeni hupokelewa bila kuingia ndani kwenye faragha ya familia. Wale wageni walisogeza viti karibu na mchoro. Siku hiyo kazi yake ilijadiliwa kuliko kazi zote, kwa sababu alikuwa amekuja na elimu ambayo mle ndani hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Hata walimu wakubwa wa Uholanzi walijua kwamba Afrika ni mahali pa kujifunza. Aldo van Eyck, msanifu wa kituo cha watoto yatima cha Amsterdam kilichokamilika mwaka 1960 na mwalimu wa Delft kwa miaka mingi, alisafiri hadi kwa Wadogon wa Mali kuangalia namna kijiji na nyumba zake vinavyoshikamana, na safari hiyo ikaingia katika mafundisho yake. Ikiwa profesa wa Kiholanzi alisafiri mbali hivyo kutafuta maarifa hayo, kijana aliyezaliwa ndani yake hana sababu ya kuyaacha uwanja wa ndege.

Jioni ina mambo mawili: riziki na simu. Sheria ya Uholanzi humruhusu mwanafunzi asiye wa Ulaya kufanya kazi saa 16 tu kwa wiki wakati wa masomo, na mwajiri lazima awe na kibali, kwa hiyo wengi huosha vyombo mikahawani au husambaza chakula kwa baiskeli. Akirudi chumbani saa tatu usiku, Dar es Salaam ni saa tano, na bado simu inaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimepata kiwanja Goba. Nimekutumia picha, nataka nyumba kama hiyo, ile ya paa la kuficha. Wewe si ndiye msanifu wetu?"

Picha hiyo kila msanifu wa Tanzania anaijua: kuta nyeupe, bati limefichwa nyuma ya ukuta mfupi wa juu, hakuna upenu hata kidogo. Ni nyumba ya heshima machoni pa mtaa. Lakini mvua ya masika ikipiga, maji yaliyokuwa yakidondoka nje ya upenu hukusanyika kwenye mfereji uliojificha juu ya kuta. Majani yakiziba tundu moja, maji huingia sebuleni. Jua nalo hupiga ukuta na dirisha moja kwa moja bila kivuli. Mjomba hakosei kutaka nyumba ya kisasa. Kinachokosekana ni msanifu wa kumtengenezea usasa unaovumilia masika.

Naamini swali la mjomba lingestahili kuwa mradi wa studio. Nyumba ya vyumba vinne Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko wa udongo unaomomonyoka, kwa mtu anayejenga kidogokidogo kila apatapo fedha, inayotakiwa kuonekana ya kisasa na kukaa baridi bila kiyoyozi. Hilo ni swali gumu kuliko jumba la makumbusho. Maabara za Delft zingeweza kumpimia upepo wake na kuhesabu kivuli chake, maktaba ingempa vitabu, na mwalimu yule mwenye penseli angemsumbua hadi apate upenu ambao mjomba ataupenda.

Kwamba jambo hili linawezekana, ushahidi upo. Francis Kéré alizaliwa Gando, kijiji cha Burkina Faso, na mwaka 1985 akaenda Ujerumani kwa ufadhili wa kujifunza useremala. Baadaye akasomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Hakusubiri ahitimu. Akiwa bado mwanafunzi alianzisha mfuko wa kuchangisha fedha na akachora shule ya msingi ya kijiji chake, iliyokamilika mwaka 2001. Matofali yalikuwa ya udongo wa palepale uliochanganywa na saruji kidogo. Juu ya madarasa aliweka dari la matofali lenye matundu, na juu zaidi akaliinua bati kwa vyuma vyepesi ili upepo upite katikati na kuondoa joto. Wanakijiji ndio waliojenga. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, mwaka uleule aliohitimu, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo. Kituo chake cha mafunzo ya kompyuta kipo Turkana, Kenya, na minara yake ya kupitisha hewa imefuata umbo la vichuguu vya eneo hilo. Berlin ilimpa hesabu za vyuma na nidhamu ya mchoro. Swali alitoka nalo Gando.

Kwetu pia kulikuwa na Beda Amuli, aliyezaliwa Masasi mwaka 1938 na kusomea chuo cha Technion, Haifa, Israeli. Alirudi, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuendesha ofisi zao wenyewe za usanifu, na akatuachia Soko Kuu la Kariakoo la katikati ya miaka ya 1970. Miavuli yake mikubwa ya zege hutoa kivuli, huachia hewa ipite na huongoza maji ya mvua. Ufundi wa maganda membamba ya zege ulikuwa wa dunia nzima wakati huo, lakini aliutumia kujibu haja ya mchuuzi wa mchicha na mnunuzi wa Uswahilini. Soko lilipoungua Julai 2021, mjadala wa kulikarabati uliwagusa watu ambao hawajawahi kusikia jina lake. Hicho ndicho kipimo cha msanifu aliyekwenda mbali akarudi na kilicho chetu.

Uholanzi yenyewe ina elimu moja tunayoihitaji leo hii: maji. Karibu robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari. Ardhi ya Delft ni laini kiasi kwamba mnara wa Oude Kerk umeinama karibu mita mbili. Baada ya karne nyingi za kujenga kuta za kuzuia mito, Waholanzi walianzisha mpango wa kuipa mito nafasi zaidi ya kutanuka wakati wa mafuriko. Nasi tuna bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambako Jangwani hujaa maji, barabara hufungwa na karakana ya mabasi ya mwendokasi imefurika mara kadhaa. Mradi wa kuliendeleza bonde hilo unagharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Uholanzi ni mmoja wa wanaochangia. Wataalamu wao wanakuja kwetu, wanafunzi wetu wanakwenda kwao. Itakuwa hasara kubwa pande hizo mbili zikipishana angani bila kukutana kwenye meza moja.

Basi tufanye nini? La kwanza, kabla ya safari mwanafunzi akabidhiwe eneo. Halmashauri zina masoko, zahanati, shule za msingi na vituo vya daladala vinavyosubiri kuchorwa. Apewe vipimo vya kiwanja, aina ya udongo, takwimu za mvua, bei ya mfuko wa saruji na jina la fundi atakayempigia simu. Aende nayo yote kama sehemu ya mizigo, na mada ya tasnifu yake iote hapo.

La pili, wafadhili walipie likizo moja ya kurudi kufanya kazi saiti. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kwa miaka. Mwanafunzi aliyeyashindilia kwa mikono yake atajua afanye nini akipata maabara ya kuyapima ughaibuni.

La tatu, kazi ikikamilika isomwe nyumbani. Tasnifu za Delft huwekwa kwenye hazina ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuifungua. Iwe sharti la ufadhili kwamba mhitimu aje kuitetea tena, kwa Kiswahili, mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, wahandisi wa halmashauri na mafundi. Asiyeweza kumweleza fundi wa Mbagala wazo lake hajalimaliza bado. Bodi za usajili, AQRB ya Tanzania na BORAQS ya Kenya, zimpokee mapema na kumpangia ofisi ya kupatia uzoefu, ili asikae mwaka mzima akizunguka na bahasha ya vyeti.

Kwa mzazi unayejiandaa kuuza kiwanja, nakuomba jambo moja. Kabla hujamkabidhi mwanao tiketi, mpeleke akakae saa sita mchana ndani ya darasa lenye bati tupu, siku nyingine apite Jangwani baada ya mvua, kisha amsikilize mjomba anayetaka nyumba Goba. Mwambie aende akatafute majibu ya hayo. Ada tunalipa sisi. Swali nalo liwe letu.